Pedali Ilikwenda Mpaka Chini

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisema anapuliza kama birika, na anajiona mtu mzima. Kazi ipo. Nashona sare za shule tatu na vidole vimekuwa na sugu kama kisigino.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, na ukiisikia unajibu swali ambalo hujaulizwa.

Jumatano iliyopita lilikuja lori mbele ya kibanda changu cha ushonaji, limebeba gari. Lile lile jeupe la Kijerumani. Dereva akanipa ufunguo ndani ya bahasha.

"Mzee kasema ni lako," akasema.

"Mzee gani?"

"Yule anayekaa chumba cha nyuma kwa kinyozi."

Nikamwambia alirudishe. Akasema kalipwa kuja, kurudi hakulipwa, akaanza kufungua kamba.

Basi liko hapa. Kioo cha mbele kilibadilishwa enzi zile na ubavu wa kushoto ulinyooshwa, lakini halijatembea tangu siku yule mtu alipomuua mama yangu nalo. Miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza nilitaka kulichoma moto. Siku ya pili nikakumbuka kwamba vifurushi vya sare navibeba kichwani. Gari halina kosa, Mjomba. Mwenye kosa ni aliyelishika.

Mafundi wa mtaani wakiliona wanacheka. "Mama, hilo peleka makumbusho." Wewe ndiye uliyekuwa unalihudumia. Nifundishe kwa barua kama ulivyonifundisha hesabu za sehemu, hatua kwa hatua, ila safari hii bila kuniita kichwa cha nazi.

Mpwa wako

*

6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kitandani, ambako siku hizi ndiko ofisini kwangu. Nesi anayekuja kunichoma sindano nimempa jina la Sajini. Hacheki, hakai, na haamini kwamba nimekunywa dawa mpaka anione ulimi. Paka bado yupo. Moyo ndio umechoka, na maji yanajaa miguuni. Daktari amesema imebaki miezi, hakusema mingapi. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, namjua mtu anayekwepa kutaja namba.

Sasa sikiliza, kichwa cha nazi.

Usiliwashe. Hilo ndilo kosa la kila mtu. Petroli iliyolala miaka hiyo yote imekuwa gundi. Fungua kizibo chini ya tenki uimwage yote, mbali na jiko na mbali na sigara za hao mafundi wanaocheka. Toa plagi. Kila tundu mimina kijiko cha oili, uache siku tatu. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana, kwenye boliti kubwa ya mbele, kufuata mshale wa saa. Ikigoma, ongeza oili usubiri. Ukiilazimisha utavunja kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Kila kilicho raba kihesabu kimekufa, hata kikikutazama kwa uso mzuri. Mipira ya maji, mipira ya petroli, mkanda. Badilisha vyote. Kwenye rejeta usitie maji ya bomba, yanakula aluminiamu polepole.

Fyuzi zake ni zile za zamani, kama vidonge vya kauri. Kabla hujalaumu waya wowote, zungusha kila fyuzi kwa kidole mara kumi mahali ilipo, kutu itoke. Nusu ya magonjwa ya umeme ya magari haya hupona hapo. Nusu nyingine ni waya wa arthi, ule wa kurudishia umeme, uliofungwa kwenye bodi. Ufungue, usugue mpaka chuma king'ae, ufunge tena.

Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka magogo.

Kuhusu breki, pampu kuu usiifungue. Nunua nyingine nzima, uifunge, ile ya zamani itupe. Si kazi ya mwanafunzi.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na ufunguo tu? Hakuandika kitu?

Mjomba wako

*

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na Sajini. Mwambie nasema akuangalie na chini ya ulimi, huwa unaficha vidonge huko.

Nimefanya yote. Petroli ilitoka kama asali, ikanuka mtaa mzima, jirani akaja kuuliza kama nachemsha rangi. Injini iligoma siku nne. Siku ya tano nilikaza spana, ikasogea kama mtu anayegeuka usingizini. Nikapiga kelele. Mwanangu akadhani nimekatika kidole.

Betri mpya nimetia, fyuzi nimezizungusha. Taa ya ndani ikawaka yenyewe mchana kweupe. Wale mafundi sasa hawacheki, wanakuja na viti.

Bahasha ilikuwa na ufunguo tu. Kwa nini unauliza? Yule mtu hana cha kuniandikia. Na tafadhali, kama kuna habari za upande huo, usiniletee.

Swali. Nyuma, karibu na gurudumu la kulia, kuna kitu kinavuja. Hakina rangi tena, ni cheusicheusi. Ni mafuta ya breki au nini?

Na pampu kuu, mbona bei yake ni ya kununulia cherehani? Huwa kuna raba za ndani tu, zinauzwa kando. Fundi mmoja kaniambia.

Mpwa wako

*

15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nililazwa siku tisa. Wodini tulikuwa wanane, na mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ana mvi kuliko mimi. Akaniambia, "Mwalimu, bado nakuogopa." Nilifurahi kuliko dawa zote.

Gari lako lina mafuta ya aina mbili yanayofanana yakishazeeka. Yapo ya breki. Na yapo mengine, mapya huwa ya kijani, yanayoinua mkia wa gari ukipakia mizigo, ili lisitembee limekaa kitako. Hayo ndiyo yanayovuja kwako, nadhani. Kuhakikisha, chukua glasi ya maji, dondosha tone. Mafuta ya breki yanayeyuka ndani ya maji na kupotea. Yale mengine yanaelea, hayakubali maji kamwe. Usiyachanganye. Yale ya mkiani yakiingia kwenye breki, raba zote zinavimba.

Pampu nunua nzima, nimeshasema. Huyo fundi anayekufundisha raba za ndani alifeli somo langu, ingawa simjui.

Yule kinyozi mwenye chumba cha nyuma aliniandikia. Si jambo la haraka.

Mjomba wako

*

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Limewaka. Jumapili saa nne asubuhi, nilipogeuza ufunguo mara ya sita. Lilikohoa moshi mweupe, likatetemeka, likatulia. Nililia. Si kwa ajili yake, nililia kwa sababu sauti ile naikumbuka. Nilikuwa nakaa nyuma katikati, mama ananipitishia njugu kwa mkono bila kugeuka.

Kinyozi amenipigia simu. Sijui namba kaitoa wapi. Anasema mtu wake anaumwa kifua, anataka kuniona. Nikamwambia amekosea namba. Akapiga tena, nikamwambia, "Bwana, hata ukipiga mara mia ni namba ile ile na jibu lile lile."

Sasa sikiliza na wewe.

Mimi sitengenezi gauni bila kulifumua la zamani. Kitu ukikifumua kinakuonyesha kilivyokatwa. Nilinunua pampu mpya kama ulivyosema, nikaifunga. Lakini ile ya zamani sikuitupa. Niliifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Raba za ndani zimevimba, Mjomba. Zimekuwa laini kama mkate uliolowa chai, moja ilibaki mkononi. Nyingine imeziba kitundu kidogo cha kurudishia mafuta. Nikafungua na pampu ndogo za magurudumu. Mafuta uliyotia wakati ule yalipaswa kuwa ya breki matupu, si ndiyo? Nikayakinga kwenye kikombe yale machache yaliyobaki kule mwisho wa mabomba, nikadondosha kwenye glasi ya maji. Nusu ilipotea. Nusu ilielea.

Nimerudia mara tatu na maji mapya.

Mafuta ya mkiani yaliingiaje kwenye breki za gari lile?

Mpwa wako

*

22 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua zimezidi huku na paa la jikoni linavuja palepale. Sajini ameniletea fimbo ya kutembelea, ninaitumia kumfukuza paka kitandani. Miguu imejaa tena.

Hongera kwa kuliwasha. Badilisha oili ya injini baada ya kilomita mia tano za mwanzo, uchafu wote wa zamani utakuwa umeng'oka. Kaza boliti za magurudumu kwa msalaba, si kwa mzunguko.

Kuhusu raba, raba huzeeka. Miaka ishirini na sita ni mingi. Kikombe chako cha kukingia huenda kilikuwa na mafuta ya cherehani.

Mjomba wako

*

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Kikombe kilikuwa kipya. Nimekuuliza swali.

*

27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, kama ulimaanisha.

Ningeweza kukuambia habari za paa na za paka. Naona nimeishi miaka mingi ndani ya salamu, nikifika kwenye jambo lenyewe karatasi imekwisha. Leo naanza na jambo.

Ni mimi.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Shemeji alileta gari uani kwangu, wakiwa na mama yako. Jumamosi walikuwa wanapeleka makreti ya soda kwenye harusi ng'ambo ya machimbo ya mawe. Dada yangu alikaa kwenye kigoda mlangoni, akimmenyea mke wangu viazi, akasema, "Kaka, tuangalizie breki. Ule mteremko wa machimbo siupendi." Aliniomba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mafuta yote nilikuwa nayaweka kwenye chupa za maabara ya shule, zinazofanana, zenye vifuniko vya rangi. Lebo sikubandika. Niliwaambia wanafunzi wangu kila mwaka kwamba lebo ni za watu wanaosahau. Shemeji akauliza, "Mbona hizi hazina majina?" Nikamjibu, "Majina yamo kichwani kwangu. Wewe kaa huko na funguo zako." Wote wakacheka, na yeye akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, huyo baba yako. Nilikuwa simpendi kwa hilo. Kila mahali alipoingia watu walisogea kumpisha nafasi, na mimi mwenye vyeti walinipa kiti.

Nikatia mafuta kwenye kopo la breki nikiwa namwangalia yeye, nikitafuta neno jingine la kumchoma. Kifuniko kilikuwa cha kijani.

Walipoondoka nilinawa mikono kwenye beseni. Mafuta ya breki hutoka kwa maji matupu. Haya hayakutoka. Yalikaa juu ya maji, yamejikusanya matone matone, yananing'ania vidoleni. Nilisimama pale mpaka mke wangu akauliza kama nimesahau kunawa kunavyokuwa.

Kwa hiyo usije ukasema sikujua. Nilijua kabla beseni halijamwagwa. Kwao ni dakika ishirini kwa miguu. Nilikaa nikakokotoa. Raba huvimba polepole, nikasema, wiki mbili, pengine tatu. Jumapili ningelichukua gari kwa kisingizio cha kubadilisha oili, niyasafishe, na hakuna ambaye angejua. Ningekwenda Alhamisi ile ningelazimika kumwambia mtu niliyemfanya mbumbumbu mbele ya mkewe kwamba mbumbumbu ni mimi. Badala yake nilisahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Arobaini na mawili. Nakumbuka kwa sababu niliwafelisha wengi.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa gari tupu kwenye barabara tambarare. Sikuingiza makreti ya soda hadi darini, wala mteremko. Raba zilivimba kiasi cha kuziba kile kitundu ulichokiona. Breki zikawa zinashika kidogo wakati wote, zikapata moto, mafuta yakachemka, na palipokuwa na mafuta pakawa na mvuke. Mvuke ukiukanyaga hausukumi kitu. Alimwambia hakimu neno lile lile, kila siku ya kesi, kwa sauti ile ile: "Pedali ilikwenda mpaka chini." Alikuwa anasema kweli tupu.

Polisi walinipeleka kituoni kulikagua, kwa sababu mji mzima ulijua kwamba magari ya Kijerumani ni ya Mwalimu. Siku mbili zilikuwa zimepita. Breki zikishapoa, mvuke unarudi kuwa mafuta. Nilikanyaga pedali mbele ya mkaguzi, ikawa ngumu kama jiwe. Nilijua kwa nini ni ngumu. Nikasema, "Breki ni nzima, mkuu. Nilizihudumia mwenyewe Alhamisi." Kisha nikaomba kuachwa na gari nusu saa nilichunguze vizuri, nikanyonya mafuta yote kwenye kopo kwa bomba la sindano, nikatia ya breki. Yaliyokuwa ndani ya mabomba sikuweza kuyafikia. Ndiyo uliyoyakuta.

Mahakamani waliniuliza mimi, niliyemwona jioni ile, kama alikunywa. Harusini hawakuwa wamefika bado. Alikuwa amekunywa nusu glasi tu kwa jirani kabla ya kuondoka. Nilisema alinuka. Neno moja. Akafungwa miaka mitano kwa neno hilo, na wewe ukalelewa nyumbani kwangu ukiwa na miaka kumi na moja, ukilala kwenye chumba kinachotazama ua ule ule. Sikukufundisha kumchukia. Nilikuwa nakaa kimya kila ulipoanza kumchukia, na kimya cha mwalimu ni alama ya vema.

Alipotoka alikuja getini. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulimwambia, "Nirudishie mama ndipo uingie," ukafunga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilifurahi. Nataka ujue hilo pia.

Kinyozi ameniandikia barua tatu. Ya kwanza ilikuja Januari, kabla ya gari. Anasema shemeji mapafu yamekwisha, anataka akuone mara moja. Nimezikalia. Nilifikiri yeye akitangulia, nami nikifuata, mambo yatakuwa yamejimaliza. Nimezitia zote humu ndani.

Nilikufundisha jaribio la glasi ya maji mwenyewe. Sijui kama nilitaka unikamate au nilishindwa kunyamaza mbele ya swali la fizikia.

Nenda kwake sasa, usingoje kunijibu. Mwambie yeye. Nakuomba jambo moja tu, wengine waambie nikishazikwa. Hapa mtaani bado wananiita Mwalimu.

Mjomba wako

*

12 Julai

Kwa Mjomba,

Barua yako ilifika Jumanne tarehe tisa. Baba alizikwa Jumapili tarehe saba.

Kinyozi alinipigia Jumamosi asubuhi. Nilikuwa napima kola. Akasema, "Mwanangu, amekwisha." Nikamwambia, "Zikeni, mimi nina nguo za wateja." Ndivyo nilivyosema. Nikaendelea kupima kola.

Juu ya barua umeandika tarehe 27 Juni. Muhuri wa posta unasema 5 Julai. Barua zako hunifikia kwa siku nne. Ungeiposti siku uliyoiandika, ningekuwa nimeisoma tarehe mosi, na tarehe mbili ningekuwa kwenye chumba kile. Alikuwa hai siku nne zaidi. Kwa hiyo nakuuliza swali jingine, wewe mpenda hesabu. Siku nane barua ilikuwa wapi?

Jumatano nilikwenda. Kinyozi ni mzee mfupi, mikono inanuka spiriti. Alinionyesha kitanda. Ubao wa chini umevunjika. Anasema siku mbili za mwisho mguu wa kulia wa baba ulikuwa hautulii. Alikuwa anakanyaga ule ubao, anakanyaga, usiku na mchana, mpaka ukaachia. Walijaribu kuushika wakashindwa.

Nikamuuliza kwa nini baba aliniletea gari bila neno. Kinyozi akasema na yeye alimuuliza hivyo hivyo. Baba akamjibu, "Nikiandika hatasoma. Yule ana mikono. Atalifungua."

Alijua. Hakujua ni nini, wala ni nani, lakini alijua kwamba kitu kimo humo ndani, na aliniamini mimi kuliko nilivyostahili. Nimelia nikiwa njiani mpaka nikasimamisha gari pembeni. Ndiyo, nilikwenda na gari lake. Breki zinashika vizuri sana. Wewe ni mwalimu mzuri.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana. Hutazikwa kwanza.

Jumamosi tarehe ishirini nakuja kukuchukua. Nimempigia Sajini. Anasema safari ya saa sita itakuua. Nikamuuliza, ya kwenda au ya kurudi? Akasema hawezi kujua, labda ya kurudi. Basi kwenda utafika. Kinyozi atawaita wote waliobeba jeneza, na jirani aliyempa ile nusu glasi bado yupo, nimemtafuta. Utasimama pale kaburini na fimbo yako ya kufukuzia paka, na utasema kwa sauti, kuanzia kwenye beseni. Ukichoka utakaa, utaendelea ukiwa umekaa. Mtaa wako tutaupitia asubuhi kabla ya kuondoka, uwaambie, maana na wao ni watu.

Utakaa kiti cha mbele kushoto. Alipokaa mama.

*

16 Julai

Mpwa wangu,

Hukuniamkia. Nimeona.

Barua hii nimempa kondakta wa basi akufikishie mkononi, posta ina kawaida ya kuchelewa. Sipaswi kufanya mzaha. Siku nane zile barua ilikuwa chini ya mto wangu. Kila asubuhi Sajini akitandika kitanda aliiinua, akauliza, "Hii vipi, Mzee, niiposti?" Nikasema kesho. Sina maelezo mengine. Nilijua shemeji ana siku chache, nilisoma barua za kinyozi kabla yako. Nilikokotoa tena.

Daktari hataki. Nimemwambia kwamba ni mwaliko wa familia.

Nitakuwa mlangoni, nimevaa suti ya kufundishia. Imekuwa kubwa, Sajini ameibana kwa pini mgongoni. Usiishone, haifai kazi. Nimejaribu kusema maneno yale peke yangu chumbani. Sauti inafika kwenye beseni inakatika. Nitajaribu tena kesho.

Jambo la mwisho la gari. Njia ile ina mteremko mrefu, utakuwa na abiria mzito kuliko anavyoonekana. Asubuhi kabla hujaondoka, gari likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu mara tatu, kisha ishikilie mguu ukiwa umetulia, uhesabu mpaka sitini. Pedali ikishuka, hata kidogo, mafuta yanapita mahali. Gari la namna hiyo haliendi safari.

Ikishuka, usije.

Mjomba wako

*

19 Julai

Haishuki.